Mtoto Anajijuaje Kuwa Yeye ni Nani?

Tumepokea barua ya mama mmoja, ambaye hatutataja jina lake wala parokia yake. Anasema analea mtoto wa kike wa marehemu dada yake. Mtoto huyo alifika kwake akiwa na miezi minane. Sasa ana miaka sita na yuko darasa la kwanza. Anamwita "mama", na watoto wengine wa nyumba hiyo anawaita kaka zake. Hajaambiwa lolote. Siku moja alirudi kutoka shule akauliza: "Mama, mbona jirani anasema mimi si wa kwako?" Mama akamjibu kwamba jirani anatania. Kisha akakesha usiku kucha. Anatuuliza: je, amwambie mtoto? Na kama ni kumwambia, amwambie lini? Mume wake anaona wasubiri mpaka amalize darasa la saba, "apate akili".

Huenda wengine wakajiuliza swali hili limefikaje kwenye ukurasa wa afya. Limefika kwa sababu watoto wa namna hii tunawaona kliniki. Wanaletwa kwa ajili ya tumbo lisiloisha kuuma, au kukojoa kitandani wakati walikwisha kuacha, na vipimo vyote vinaonyesha hawana ugonjwa. Tutamjibu mama huyu, lakini kwanza tueleze namna mtu anavyokuja kujijua, maana jibu lenyewe limo humo.

Kabla ya neno "mimi"

Mtoto mchanga hazaliwi akiwa mtupu kama kibuyu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1980 ulionyesha kuwa watoto wenye siku chache tu tangu kuzaliwa hupenda kusikia sauti ya mama yao kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Walibadili namna ya kunyonya chuchu ya mpira ili waendelee kuisikia. Anapofikisha miezi miwili au mitatu utamwona anautazama mkono wake, anaugeuza huku na huku. Watu huona ni mchezo. Kumbe yuko kazini. Anajifunza kuwa mkono huu ukisogea ni yeye aliyeusogeza. Tena akijigusa shavu anasikia mara mbili, mkononi na shavuni, lakini akiguswa na mtu mwingine anasikia shavuni tu. Hivyo ndivyo anavyoanza kupata mpaka kati yake na wengine.

Karibu na miezi mitano hulitambua jina lake likitajwa kati ya majina mengine. Hajui bado kuwa hilo ni jina, wala kwamba ni lake. Anajua tu kuwa sauti ile inakuja pamoja na uso unaomtazama yeye. Tafadhali likumbukeni jambo hili, kwa kuwa tutalirudia: jina linamfikia mtoto kutoka kwa wengine. Anaitwa kwanza, ndipo baadaye anajiita.

Kisha kuna habari ya kioo. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Gordon Gallup, aliwapaka sokwe rangi usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa, na walipoamka akawaonyesha kioo. Sokwe walijishika pale penye rangi, maana yake walijua aliye kiooni ni wao. Mwaka 1972 Beulah Amsterdam alitangaza jaribio la namna hiyo kwa watoto wadogo, akiwapaka alama nyekundu karibu na pua. Watoto wengi wa huko walianza kuigusa alama kwenye nyuso zao wenyewe wakiwa kati ya miezi 18 na 24. Tangu hapo vitabu vingi vikaandika kuwa huo ndio umri ambao binadamu anajijua.

Lakini wataalamu walipolifanya jaribio hilo vijijini Kenya, matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliwashangaza. Kati ya watoto 82 wenye umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka sita, ni wawili tu waliogusa alama. Je, watoto wa Kenya hawajijui mpaka waanze shule? Yeyote aliyewahi kumnyang'anya mtoto wa miaka mitatu andazi lake analo jibu. Wengi wa watoto hao walisimama kimya, wakaganda, wakijitazama kiooni bila kusogeza mkono. Wataalamu wenyewe waliona kuwa kuganda huko si kutojijua. Mtoto aliona ni yeye, akaona pia kuna kitu usoni pake, ila hakujua ni lipi linalomfaa kufanya mbele ya watu wale. Kwa maneno mengine, alijijua kama mtu aliye mbele ya watu wazima. Mtoto aliyefundishwa kungoja ruhusa atangoja ruhusa hata mbele ya kioo.

Habari anazosimuliwa

Akifikisha miaka miwili huanza kusema "mimi" na "changu", tena kwa nguvu. Hata hivyo huko ni kuujua mwili wake na vitu vyake vya leo. Kujua kuwa mimi wa leo ndiye yule wa jana, na ndiye atakayekuwa mkubwa kesho, kunahitaji kumbukumbu. Na kumbukumbu ya mtoto haijijengi yenyewe.

Jaribu, msomaji, kukumbuka jambo la kwanza kabisa katika maisha yako. Watu wengi hawafiki nyuma ya miaka mitatu au mitatu na nusu. Lakini uchunguzi mmoja wa New Zealand, uliotangazwa mwaka 2000, ulikuta kuwa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hukumbuka mambo ya tangu walipokuwa na miaka miwili na miezi minane hivi, mapema kuliko makabila mengine waliolinganishwa nao. Wataalamu walihusisha jambo hilo na desturi ya Wamaori ya kuthamini mambo yaliyopita na kuyasimulia mbele ya watoto. Huko huko New Zealand, Elaine Reese na wenzake waliwafuatilia watoto kwa miaka mingi. Mama anayemwambia mtoto, "Unakumbuka tulipokwenda kwa bibi? Nani alitupokea pale njiani? Na yule mbuzi alifanyaje?" anamsaidia mtoto kushika kumbukumbu kuliko yule anayeuliza tu, "Ulikula nini?" na kunyamaza.

Nako Marekani, katika Chuo Kikuu cha Emory, Marshall Duke na Robyn Fivush waliandaa maswali 20 ya kuwauliza watoto, wakaanza kuyatumia mwaka 2001. Wazazi wako walikutana wapi? Babu na bibi yako walikulia wapi? Unajua habari ya siku uliyozaliwa? Waliona kuwa watoto waliojua mengi juu ya ukoo wao walijithamini zaidi, na waliona wana uwezo juu ya maisha yao. Wataalamu hao walionya kwamba si suala la kumkaririsha mtoto majibu. Majibu ni dalili tu ya nyumba ambayo watu hukaa pamoja na kuzungumza, na ambayo bibi hasimulii mema peke yake bali pia mwaka wa njaa na ng'ombe waliokufa, na namna walivyopona. Bibi zetu wangeshangaa kusikia kuwa jambo hili limehitaji chuo kikuu. Ila siku hizi bibi yuko kijijini na mjukuu yuko mjini, na jioni kila mtu anatazama runinga au simu, kwa hiyo huenda na sisi tunahitaji kukumbushwa.

Mtaalamu ambaye hakuambiwa

Mtu aliyeandika zaidi ya wengine juu ya swali la "mimi ni nani" ni Erik Erikson, aliyefariki mwaka 1994. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902. Mama yake, Karla Abrahamsen, alikuwa Mdenmaki wa ukoo wa Kiyahudi. Baba aliyemzaa hakutajwa. Mwaka 1905 mama huyo aliolewa na Theodor Homburger, daktari wa watoto aliyekuwa amemtibu mwanawe, na mtoto akakuzwa akiambiwa kuwa huyo ndiye baba yake hasa. Lakini alikuwa mrefu, nywele za rangi ya dhahabu, macho ya buluu. Watoto wa sinagogi walimcheka kuwa si Myahudi, na watoto wa shuleni walimcheka kuwa ni Myahudi. Alijua kuna jambo, ila hakujua ni jambo gani. Baadaye aliujua ukweli kwamba Homburger hakuwa baba yake mzazi, lakini jina la baba mzazi alikufa bila kulipata.

Mwaka 1939, akiwa Marekani, alijipa jina la Erikson, yaani "mwana wa Erik". Hakupata baba wa kuitwa kwa jina lake, akajifanya mwana wa yeye mwenyewe. Katika vitabu vyake, hasa vile vya mwaka 1950 na 1968, alifundisha kuwa swali la "mimi ni nani" humkamata kijana kwa nguvu kati ya kubalehe na utu uzima, na kwamba halijibiwi na kijana peke yake. Sehemu ya jibu iko kwake, na sehemu iko kwa watu wanaomtambua na kumpokea.

Linalosikitisha ni kwamba mwaka 1944 yeye na mkewe Joan walipata mtoto mwenye ugonjwa wa Down, wakamweka katika nyumba ya kulelea wagonjwa, na watoto wao wengine wakaambiwa kuwa mdogo wao alikufa alipozaliwa. Alikuwa hai, tena aliishi miaka mingi. Hatulisemi hili kumhukumu mtu. Tunalisema ili mama aliyetuandikia ajue kuwa hata aliyeumizwa na kufichwa, na akaandika vitabu juu yake, aliogopa kusema ukweli kwa wanawe.

Ukimya unafanya nini

Wazazi wengi husema: "Ni mdogo, hajui." Ni kweli hajui, lakini anaona. Anaona watu wakinyamaza anapoingia. Anaona shangazi akimtazama na kufuta machozi. Pale ambapo hajapewa habari huijaza nafasi kwa habari anayoitunga mwenyewe, na kwa kawaida habari ya mtoto mdogo ni kuwa yeye ndiye mwenye kosa. Kabla ya miaka saba hivi mtoto huweza kuamini kuwa mtu ameondoka au amekufa kwa sababu yeye alilia sana au alikasirika. Ukimwambia "mama amesafiri", atangoja kila basi linalopita. Ukimwambia "mama amelala hatoamka", usishangae akiogopa kulala.

Basi mwili nao husema. Mtoto hulalamika tumbo au kichwa, hukojoa kitandani tena, hung'ang'ania nguo ya mlezi, hupigana shuleni au hunyamaza kabisa. Angalizo: dalili hizi zina sababu nyingine nyingi, kama minyoo, malaria au ugonjwa wa njia ya mkojo. Mtoto apelekwe kupimwa kwanza. Tusije tukasema ni huzuni kumbe ni homa.

Na siku atakapoambiwa na jirani, ama na mwanafunzi mwenzake wakigombana, atapoteza vitu viwili kwa pamoja: habari aliyoiamini juu yake mwenyewe, na imani yake kwa mtu aliyempa habari hiyo. Cha kwanza huweza kurekebishwa. Cha pili huchukua miaka.

Wapo watoto ambao habari yao ina jambo jingine, yaani walizaliwa na virusi vya UKIMWI na wanameza dawa kila siku bila kujua ni za nini. Wengine huambiwa ni dawa za kifua. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule, yaani miaka 6 hadi 12, waambiwe hali yao, na walio wadogo zaidi waambiwe kidogo kidogo kwa kadiri wanavyoelewa. Kijana anayegundua mwenyewe, kwa kusoma maandishi ya chupa, mara nyingi hukasirika na kuacha dawa. Hapo uongo wa huruma unakuwa hatari ya uhai.

Akina mama wa Uganda waliliona hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati dawa hazijawafikia wengi, wanawake wenye virusi waliokuwa katika chama chao cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Vilikuwa daftari za kawaida. Mama aliandika mtoto alizaliwa wapi, jina lake lilitoka kwa nani, ukoo wa baba yake, alianza kutembea lini, alipenda chakula gani. Aliandika pia juu ya ugonjwa wake. Na kwa kuwa kitabu kiliandikwa mtoto akiwa karibu, kilifungua mazungumzo ambayo mama hakuwa na ujasiri wa kuyaanza kwa mdomo.

Jibu kwa mama aliyetuandikia

Mwambie sasa. Usingoje darasa la saba. Wakati huo atakuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, mwili unabadilika, na swali la "mimi ni nani" limeshaanza kumchoma kwa sababu zake lenyewe. Ukimletea habari hii siku hizo, utakuwa unabomoa nyumba wakati mvua inanyesha. Mtoto wa miaka sita huipokea kwa urahisi zaidi, na hukua nayo. Tena ameshauliza. Anayeuliza amekwisha kusikia.

Lugha yetu inakusaidia. Kwetu mtu hana mama mmoja. Kuna mama mkubwa na mama mdogo, na wote ni mama kweli, si kwa kuazima. Kwa hiyo huna haja ya kumwondolea jina analokuita, wala hukumdanganya kwa kuitikia. Kilichokosekana ni yule mama mwingine, ambaye hatajwi.

Chagua wakati wa mchana, siku tulivu. Isiwe usiku kabla ya kulala, isiwe baada ya kumwadhibu. Mume wako awepo, hata kama hatasema neno. Sema maneno machache: "Wewe ulizaliwa na dada yangu. Aliugua, akafariki ulipokuwa mdogo sana. Kufa maana yake hatarudi. Wewe hukufanya kosa lolote. Mimi ni mama yako mdogo, hapa ni kwako, na huondoki." Mtajie jina la mama yake, na ulirudie. Halafu ongeza jambo ambalo ni gumu kwa sisi watu wazima: "Siku ile nilikuambia jirani anatania. Nilikosea."

Huenda akainuka akaenda kucheza. Si dharau, wala si kwamba hakuelewa. Atarudi kesho na maswali utakayoyaona ya ajabu: alikuwa na nywele ndefu? Alijua kuogelea? Na wewe ukifa nitakaa na nani? Hilo la mwisho usilikwepe. Mpe jina la mtu, kwa mfano bibi yake au mjomba fulani, na uwe umekwisha kuzungumza na mtu huyo.

Waambie pia wale kaka zake, ili wasije wakaitumia habari hii siku ya ugomvi. Mwalimu wake ajue. Na jirani, kwa upole, aambiwe kuwa hakuna siri tena. Kuhusu baba yake, barua haikueleza. Sema unachokijua, usichokijua usikitunge, wala usiahidi kuwa atakuja. Namna dada yako alivyougua si lazima uieleze yote leo. Kutosema yote si kudanganya, mradi usilolisema leo lisiwe limezibwa na uongo utakaobomoka baadaye. Iwapo majuma yanapita mtoto hali vizuri, halali, au anasema anataka kumfuata mama yake, usingoje. Mpeleke hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii.

Kisha tafuta kiboksi au bati la biskuti. Weka humo kadi yake ya kliniki ya utotoni, cheti cha kuzaliwa, nakala ya cheti cha ubatizo ambacho jina la mama yake limeandikwa, na kanga ya dada yako kama ipo. Kadi ya kliniki watu huitupa mtoto akifikisha miaka mitano. Wewe itunze, kwani mwandiko ulio juu yake ni wa siku ambazo dada yako alimbeba kwenda kumpima uzito. Bibi mzaa mama yuko hai, umesema. Nendeni kwake likizo ijayo, na mtoto alionyeshwe kaburi kama anataka. Andika pia, ungali unakumbuka, dada yako alicheka namna gani, alipika nini, alikuwa mkali kwa jambo gani. Mtoto akifika miaka tisa au kumi atakuuliza alikufaje. Akifika kumi na minne atauliza kama anafanana naye, na kama na yeye ataugua vile vile.

Unasema picha uliyo nayo ni moja tu, ya siku ya kipaimara, na dada yako amesimama nyuma kabisa, uso umekatwa nusu na kichwa cha mtu mwingine. Hiyo hiyo. Mwonyeshe.